Maswali Yenu: Wanafunzi wa Uuguzi Zahanatini na Kazi ya Kuboresha Huduma

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu wanafunzi wa uuguzi wanaopelekwa fildi kwenye zahanati na mitaa ya Tanga, hasa ile kazi ya kuboresha huduma wanayotakiwa kuifanya wakiwa huko. Barua zimetoka Jiji la Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga. Tumechagua sita. Wanaojibu ni wauguzi walezi na wakufunzi wanaoifanya kazi hii.

Nina wanafunzi sita kwa wiki sita katika zahanati moja. Kila mwaka wanarudi na ripoti nzuri yenye jalada, lakini ukipita zahanatini mwezi unaofuata hukuti kilichobadilika. Nipange vipi hizo wiki sita?
*Mkufunzi, Ngamiani*

Mwalimu, shida huanzia kwenye kichwa cha habari. Mwanafunzi akipewa "kuboresha huduma za mama wajawazito" ataandika kurasa 20, maana hana pengine pa kushika. Mpe hatua moja tu ya huduma, inayotokea kila siku, inayoonekana kwa macho, na ambayo zahanati yenyewe imesema inawasumbua. Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho: vidonge vya SP vya kumkinga mjamzito na malaria.

Utaratibu unajulikana. Mama aliyevuka miezi mitatu ya mwanzo anapewa vidonge vitatu, anavimeza vyote kwa mpigo mbele ya mhudumu, na dozi inayofuata haipungui mwezi mmoja baadaye. Lakini wangapi wanameza palepale, na wangapi wanafunga vidonge kwenye pindo la kanga na kuondoka navyo? Rejesta ya MTUHA, yaani ya mfumo wa taarifa za huduma za afya, haitakwambia, kwa sababu inaandika dozi iliyotolewa. Ndiyo maana mfano huu unafundisha vizuri: mwanafunzi anatambua mapema kwamba si kila kilichoandikwa kimetendeka.

Wiki ya kwanza wasiguse kitu. Kila mwanafunzi amfuate mama mmoja, kwa ridhaa yake, tangu anapokabidhi kadi mpaka anapotoka getini, akiwa na saa na daftari. Aandike kila kituo: benchi, mizani, kipimo cha presha, maabara, chumba cha muuguzi, dirisha la dawa. Kati ya kituo na kituo aandike dakika. Wanafunzi sita wakifuata mama wawili wawili mnapata safari 12, na hizo zinatosha kuonyesha njia inavyokwenda. Mara nyingi hapo ndipo mnagundua kuwa vidonge vinatolewa dirishani, na maji ya kunywa yako upande wa pili wa jengo au hayapo kabisa.

Sambamba na hilo waanze kuhesabu, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: hesabu ya chini ya sehemu haikufikiriwa. Usigawe kwa mama wote waliofika kliniki. Gawa kwa waliostahili SP siku hiyo. Hastahili aliye chini ya miezi mitatu, wala aliyepata dozi kabla mwezi haujatimia, wala anayetumia kotrimoksazoli kila siku. Huyu wa mwisho anahitaji uangalifu mkubwa, maana dawa hiyo inaweza kumtambulisha kuwa anaishi na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo anayeamua nani anastahili ni muuguzi, na mwanafunzi apokee alama ya "ndiyo" au "hapana" bila sababu. Karatasi yenye safu ya sababu ikiachwa mezani imevunja siri ya mtu.

Karatasi ya kuhesabia iwe moja, yenye safu tatu: tarehe, waliostahili, waliomeza mbele ya mhudumu. Piga vijiti, kimoja kwa kila mama. Tuseme Jumatatu walistahili 14 na wakameza 8: hiyo ni asilimia 57. Kama kliniki ni kila siku ya kazi, kwa wiki mbili mna nukta 10 za chati, moja kwa kila siku, na hizo zinatosha kuchora mstari wa kati. Zipangeni asilimia kutoka ndogo mpaka kubwa. Zikiwa 10, chukueni ya tano na ya sita, zijumlisheni, gawanyeni kwa mbili. Ya tano ikiwa 57 na ya sita 60, mstari unapita kwenye 58.5. Chati ichorwe kwa mkono kwenye karatasi ya grafu na ibandikwe mahali wahudumu wanapokaa. Chati iliyo ndani ya kompyuta ya mwanafunzi haimsaidii mtu zahanatini.

Angalizo kwa zahanati ndogo: siku wanapostahili mama wanne tu, mama mmoja ni asilimia 25. Chati itapanda na kushuka kama ngalawa kwenye pepo za kusi bila chochote kubadilika. Hapo unganisheni siku za wiki nzima ziwe nukta moja, au andikeni juu ya kila nukta "3 kati ya 4" ili msomaji asidanganyike.

Lengo liandikwe kwa sentensi moja: "Ifikapo Ijumaa ya wiki ya sita, mama 9 kati ya kila 10 wanaostahili SP wameze vidonge vyote vitatu mbele ya mhudumu kabla ya kutoka chumbani." Lina tarehe, lina kiasi, na limetaja mahali.

Wiki ya tatu ndipo majaribio yanaanza, kwa mzunguko wa PDSA: panga, jaribu, chunguza, amua. Jaribio la kwanza liwe dogo kiasi cha kumwonea mtu haya: mama mmoja, muuguzi mmoja, asubuhi moja. Ndoo ya lita 20 yenye koki na vikombe 10 vinawekwa ukumbini. Mama anachukua maji mwenyewe, na bado anatoka na vidonge, kwa sababu hakuna anayemtazama. Mmejifunza jambo kwa nusu siku. Jaribio la pili, ndoo inaingia chumbani kando ya meza ya muuguzi, na vidonge vinatolewa hapohapo badala ya dirishani. Sasa mama wanameza, ila ifikapo saa nne asubuhi ndoo ni tupu. Kwa nini? Kikombe kina mililita 200, kwa hiyo lita 20 ni vikombe 100, na mama hawafiki 100. Ukichunguza utakuta maji yaleyale yananawiwa mikono na kusuuzia vikombe. Jaribio la tatu ni kutenga ndoo mbili, ya kunywa na ya kuoshea, na kutaja kwa zamu nani anajaza ya kunywa kwa maji yaliyotibiwa kabla ya saa moja na nusu asubuhi.

Kila jaribio liandikwe nusu ukurasa: tulidhani nini kitatokea, kilitokea nini, tunaliacha, tunalibadili au tunaliendeleza. Sehemu ya "tulidhani" ndiyo inayorukwa kuliko zote. Bila hiyo mwanafunzi hawezi kujua kama amekosea, na asiyejua amekosea hajifunzi.

Wapime pia madhara ya pembeni. Ukihamishia vidonge na maji chumbani, foleni ya nje inaweza kurefuka. Andikeni muda wa kufika kwenye kipande cha karatasi anachoshika mama, na muda wa kutoka, kwa mama watano kila siku. Ikiwa dakika zinapanda, jaribio lina gharama, na gharama hiyo iwekwe wazi.

Jambo moja la kwetu pwani. Mwezi wa Ramadhani mama aliyefunga atakataa kumeza mchana. Dini inamruhusu mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto kufungua na kulipa baadaye, ila uamuzi ni wake, na muuguzi hana kazi ya kumhubiria. Mpangieni tarehe ya karibu baada ya mfungo kama ujauzito unaruhusu, au mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite jioni baada ya futari. Kwenye karatasi awekewe alama yake ya pekee, lakini abaki miongoni mwa waliostahili. Kumwondoa mtu kwenye hesabu kwa sababu anaishusha ni kujidanganya.

Na baada ya hayo, chati inasema nini? Nukta sita au zaidi zikifuatana juu ya mstari wa kati, hiyo si bahati tena, kuna kilichobadilika. Nukta tano zikipanda mfululizo, vivyo hivyo. Katika zile sita, nukta iliyoangukia kwenye mstari wenyewe haihesabiwi. Nukta moja ya juu siku mkaguzi alipokuja haina maana yoyote.

Tulipomwonyesha muuguzi mfawidhi asilimia zetu alikasirika, akasema tumekuja kumpeleleza. Tangu siku hiyo hatupati hata rejesta. Tulikosea wapi?
*Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Pongwe*

Mlikosea kabla ya kuhesabu, mdogo wetu. Mlifika, mkapiga shikamoo, mkaanza kupima kazi ya mtu ambaye hakuwahi kuulizwa angependa kipimwe nini. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenye zahanati yenye wauguzi wawili na foleni ya watu 60, mgeni aliyekuja na kalamu tu haponyi mtu.

Rudini kwake, mkiongozwa na mlezi wenu, mkamwombe radhi waziwazi. Kisha ulizeni swali moja: "Dada, katika kazi ya kila siku, ni kitu gani kinakuchosha ambacho ungetamani kiishe?" Andikeni jibu kama alivyolisema. Hata akitaja kuchelewa kwa majibu ya maabara wakati ninyi mlijipangia SP, fuateni lake.

Pia angalieni lugha ya karatasi zenu. "Muuguzi hakumpa mama maji" ni mashtaka. "Mama hakukuta maji chumbani" ni tukio lilelile, lakini linaelekeza macho kwenye ndoo. Jina la mhudumu lisiandikwe popote, wala zamu ambayo watu wote wanajua ni ya nani. Na namba mpya iende kwanza kwa mfawidhi, faraghani, siku moja kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona, mwalimu wenu akiwemo. Hiyo si kuficha. Mwenye nyumba hapaswi kusikia habari za nyumba yake barabarani.

Watoto wengi hapa wanapata chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa, lakini ya miezi 18 hawarudi. Wanafunzi waliokuja walitengeneza bango. Kuna kazi gani ya maana ya kuwapa?
*Muuguzi, zahanati ya pwani, Mkinga*

Kwanza wapeni rejesta ya watoto, wachague wote waliotimiza miezi 18 ndani ya miezi mitatu iliyopita na hawana dozi ya pili. Kwa pwani yetu orodha hiyo huwa na makundi matatu yanayofanana kwa mbali tu. Wapo waliochanjwa kwingine, na kadi zao zinaonyesha. Wapo waliohama: baba amekwenda dago, kambi ya wavuvi, na familia imemfuata, au mama amerudi kwao kujifungua. Na wapo waliofika kliniki wakarudishwa.

Hili kundi la tatu ndilo la kutazamwa kwa makini. Chanjo ya surua na rubela ikishachanganywa na maji yake haidumu zaidi ya saa sita, kinachobaki kinamwagwa. Chupa moja ina dozi kadhaa, kwa hiyo mhudumu anayeogopa kumwaga humwambia mama aliyekuja peke yake, "Njoo Alhamisi watoto wakiwa wengi." Alhamisi mama yuko shambani au anapaa samaki. Chanjo imeokolewa, mtoto amepotea. Wanafunzi wahesabu kwa wiki mbili: watoto wangapi walifika wakistahili, wangapi waliondoka bila kuchanjwa, na waliambiwa nini. Hesabu hiyo mkiipeleka kwa mratibu wa chanjo wa halmashauri mnazungumzia jambo lenye uzito, kwa sababu ugavi wa chanjo unaweza kupangwa kwa kuzingatia dozi zitakazomwagwa. Mtoto akiwa mbele yako, chupa ifunguliwe.

Wakitaka kufanyia kazi mawaidha ya miezi tisa, wajue muda unawashinda. Mama anayeelezwa vizuri leo ataonekana kwenye rejesta baada ya miezi tisa, wanafunzi wameshaondoka. Daktari Avedis Donabedian mwaka 1966 aligawa ubora katika mafungu matatu: miundo, utaratibu na matokeo. Matokeo hayawafikii hawa, basi wapime utaratibu. Mama anapotoka na mtoto wa miezi tisa, mwanafunzi amuulize mlangoni: "Mama, mtoto anarudi lini, na kwa chanjo gani?" Anayetaja mwezi sahihi anahesabika. Jaribio la kwanza liwe kuandika tarehe kwa kalamu kubwa kwenye kadi. La pili, kumwomba mama airudie tarehe kwa maneno yake kabla hajanyanyuka. La tatu, kuandika rejestani namba mbili za simu na jina la balozi, si mtaa peke yake. "Mama Asha wa Duga" wako wengi.

Sisi wananchi tunaulizwa maswali nyumba kwa nyumba kila mwaka, wanafunzi wanaandika, wanapiga picha choo, wanakwenda zao. Je, tuna haki ya kukataa?
*Mjumbe wa kamati ya afya, Tongoni*

Ndiyo, mnayo, na kukataa kusimpunguzie mtu huduma zahanatini. Mwanafunzi apite kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji akiwa na barua ya chuo, ajitambulishe kila mlango, aseme swali litachukua dakika ngapi na majibu yatakwenda wapi. Picha za ndani ya nyumba ya mtu hazina nafasi katika kazi hii.

Wadaini pia mrejesho. Kabla hawajaondoka, wapewe dakika 15 kwenye mkutano wa kijiji waeleze walichokuta na kilichobadilika, kwa Kiswahili cha watu wote. Chuo kinachopanga ratiba bila siku hiyo kimepanga nusu.

Tumefundishwa 5S. Je, tukisafisha stoo na kupanga mafaili, hiyo siyo kazi ya uboreshaji tayari?
*Mwanafunzi, Muheza*

Ni msingi wake. Sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia: utaratibu huu uliingia hospitali zetu mwaka 2007 kwa ushirikiano na Japani, ukianzia Hospitali ya Rufaa Mbeya, na lengo lilikuwa kupanda kutoka hapo kwenda Kaizen, yaani kuboresha kazi hatua kwa hatua bila kukoma. Stoo iliyopangwa ni nzuri, lakini onyesheni imemfaa nani. Pimeni dakika za kutafuta kifaa cha kupimia presha kabla na baada, mara 10 kila upande. Zikipungua, mna kazi. Zisipopungua, mmefagia.

Naweka alama vipi? Kundi ambalo jaribio lao limeshindwa linalalamika likipata chini ya kundi lililofanikiwa. Tena, wakiondoka, kila kitu kinarudi kama zamani.
*Mkufunzi, Pangani*

Wanalalamika kwa haki. Ukitoa alama kwa asilimia iliyopanda, umewafundisha kupika namba. Dalili za namba zilizopikwa ni hizi: asilimia 100 siku tatu mfululizo, vijiti vya wiki nzima vyenye wino na mkono mmoja, karatasi isiyo na doa wala kosa lililokatwa. Omba karatasi za vijiti zenyewe, si jedwali lililochapwa.

Sisi tunapendekeza hivi katika alama 100: tatizo na hesabu ya mwanzo 30, majaribio na maelezo ya "tulidhani" dhidi ya "ilitokea" 30, ushirikiano na wahudumu na jamii 20, makabidhiano 20. Matokeo ya mwisho, sifuri. Kundi lililofanya majaribio matatu yakashindwa yote, likajua kwa nini, lipate zaidi ya kundi lililofaulu kwa jaribio moja bila kueleza.

Kuhusu kurudi kama zamani, tazama nani alikuwa anajaza ile ndoo. Kama ni mwanafunzi, basi ndoo iliondoka naye. Kuanzia wiki ya tano wanafunzi waondoe mikono, kazi ifanywe na mhudumu wa zahanati, wao wahesabu tu. Chati ikishuka wiki hiyo, ujue mlichokiita mafanikio kilikuwa nguvu za watu sita wa ziada, na bado kuna wiki moja ya kurahisisha hatua.

Makabidhiano yawe karatasi moja, yenye mambo manne: hatua mpya ilivyo, jina la cheo kinachoisimamia (tuseme, muuguzi wa zamu ya asubuhi), siku ya kuhesabu, na hesabu ikishuka chini ya kiasi gani aambiwe mganga mfawidhi. Kuhesabu kila siku hakutawezekana tena, kwa hiyo wachague siku moja kwa mwezi, mama 10 wa kwanza wanaostahili. Kundi litakalofuata lisianze jipya. Siku ya kwanza lifungue karatasi hiyo, lihesabu mama 10, liweke nukta kwenye chati ileile ukutani, kisha limuulize mfawidhi kama waendelee hapo au ana kero nyingine.

Gharama msizisahau. Ndoo mbili, vikombe na dawa ya kutibu maji ni vitu vidogo, lakini visipoingizwa kwenye mpango wa zahanati kupitia kamati ya kituo, koki itakapovunjika hapatakuwa na mtu wa kununua nyingine. Mwanafunzi aandike bei za dukani za wiki hiyo nyuma ya karatasi ya makabidhiano, na nakala moja ibaki kwa katibu wa kamati.